Visoda Kumi na Vitano

Ndugu msomaji, chukua kitabu chochote cha wasomi, lakini usianze mwanzo. Kifungue nyuma. Huko nyuma, baada ya hitimisho na kabla ya jalada, utakuta orodha ya majina na miaka, herufi ndogo ndogo, ambayo wengi wetu tunairuka kama tunavyoruka matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Wenyewe wanaiita marejeo. Mimi nilifundishwa kuyasoma marejeo kabla ya kitabu chenyewe, na tangu hapo sijapona ugonjwa huo.

Watu wanadhani ukutubi ni kazi ya kupanga vitabu rafuni na kuwanyamazisha wanafunzi. Ni kweli, tunapanga na tunanyamazisha. Lakini iko mada moja darasani iliyonikamata shati: jinsi ya kuchora ramani ya elimu kwa kuangalia tu nani anamtaja nani. Husomi hoja zao. Huulizi nani mkweli na nani mwongo. Unahesabu majina, basi.

Aliyefungua mlango huo ni Mmarekani mmoja wa Philadelphia, Eugene Garfield, ambaye mwaka 1964 alianza kuchapisha kwa ukawaida faharasa kubwa ya marejeo ya sayansi. Wazo hakulitoa hewani. Wanasheria wa kwao walikuwa nalo tangu 1873, kwa ajili ya kesi: wakili anataka kujua hukumu fulani imetajwa na hukumu zipi zilizofuata, je, bado inasimama au imekwisha pinduliwa? Garfield akalihamishia kwenye sayansi. Ni tofauti, kwa mfano, kati ya kumwuliza mtu anadaiwa na nani, na kuuzunguka mtaa mzima ukiuliza ni akina nani wanaodaiwa naye. Swali la kwanza jibu lake liko kwenye kitabu chenyewe, kule nyuma. La pili huwezi kulijibu mpaka ufungue vitabu vyote vilivyoandikwa baadaye.

Mwaka 1973 wakatokea wawili, Henry Small huko Marekani na Irina Marshakova huko Urusi, kila mmoja kwake, wakasema: tuangalie maandiko mawili yanayotajwa pamoja na andiko la tatu. Kisha 1981 Howard White na Belver Griffith wakaacha maandiko wakachukua watu. Walichagua waandishi 39 wa fani yao wenyewe, ukutubi wa kisasa, wakahesabu kila jozi: mwandishi huyu na huyu wametajwa katika orodha moja mara ngapi? Wanaotajwa pamoja mara nyingi wakawekwa karibu kwenye karatasi, wasiotajwa pamoja wakawekwa mbali. Ikatokea ramani.

Mimi huwa naieleza kwa harusi. Kama kuna watu wawili ambao kila harusi ya mjini wanaalikwa wote, mgeni atakayesoma kadi tu atajua hawa ni wa kundi moja, hata kama hawajawahi kupeana mkono. Huenda ni ndugu. Huenda ni wabaya, kila mmoja anakaa upande wake wa turubai. Ramani haijui. Tena mmoja anaweza kuwa amekufa kabla mwenzake hajazaliwa, na bado wakakaa meza moja, kwa sababu wanaowaalika ni sisi tulio hai.

Basi nikaamua kuchora ramani ya Shinyanga. Si ramani ya barabara. Ramani ya walioiandika.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: nilikuwa nimerudi nyumbani, nimepanga chumba Ngokolo, kazi ya kujitolea, muda mwingi na hela kidogo. Ya pili ni bibi.

Bibi yangu, mzaa baba, anaishi kijijini, si mbali na barabara ya Tinde. Jina la kijiji naliacha kwa makusudi. Ana macho mekundu. Msomaji wa Lamu au wa Muscat anaweza kuuliza, sasa macho mekundu yana nini? Msomaji wa Shinyanga hataniuliza. Kwetu mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, amekwisha hukumiwa nusu. Nusu iliyobaki inangoja mtoto wa mtu augue. Mganga akiulizwa hatamki jina, hana haja. Atasema tu, "mtu mzima, mwanamke, yuko upande wa machweo." Miaka ya 1980 na 1990 magazeti yaliandika habari za mauaji ya vikongwe karibu kama yalivyoandika bei ya pamba, na mambo hayo hayakuisha na karne.

Mwaka juzi, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, mtoto alifariki kwa homa. Tulienda kuzika, tukarudi. Baada ya wiki mbili bibi akamwambia baba kwenye simu, tena kama habari ya mvua, kwamba watoto wanaopita asubuhi kwenda kisimani wameacha kumwamkia. Ile "mwangaluka, mayu" imekatika. Wanapita wakiangalia chini.

Baba alifunga safari siku hiyo hiyo. Baba mdogo akasema bibi ahamie mjini, chumba kipo, choo kiko ndani. Bibi akakataa. "Nikihama nitakuwa nimekubali," alisema. Hakuongeza neno. Na ukitafakari, alikuwa na haki: kwa maneno yanayozunguka kijijini, kuhama ni kukiri.

Kila mtu ana anachokimbilia akiogopa. Baba alikimbilia kwa mtendaji wa kijiji, mama akakimbilia maombi. Mimi nikakimbilia marejeo. Nilitaka kujua: juu ya jambo hili la kwetu, wenye elimu wamesema nini, na je, wanaongea wenyewe kwa wenyewe?

Nikakusanya rundo. Makala nyingine nilitumiwa na rafiki aliyeko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine nilizipata kwa Google Scholar nikitumia bando la simu usiku linapokuwa nafuu, ripoti mbili tatu zilikuwa na vumbi la kweli la ofisi. Kwenye rundo hilo nikateua waandishi kumi na watano wanaotajwa sana mtu anapoandika juu ya ardhi hii, kuanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita. Kumi na watano si wengi, lakini piga hesabu: kila mmoja na wenzake kumi na wanne, gawa kwa mbili, unapata jozi 105. Nikachora viboksi 105 kwenye daftari la hesabu. Kila nilipokuta majina mawili katika orodha moja niliweka punje moja ya choroko kwenye kikombe cha jozi yao, jioni nikahesabu punje na kuandika. Zipo programu zinazofanya kazi hii kwa dakika chache, mathalani VOSviewer iliyotengenezwa Leiden, Uholanzi. Lakini programu inataka data iliyokwisha ingizwa kwenye hifadhi za kompyuta, na nusu ya rundo langu lilikuwa karatasi zilizopigwa picha kwa simu, ukurasa umepinda.

Halafu visoda. Niliokota visoda kumi na vitano vya chupa kwenye baa ya jirani, nikabandika jina juu ya kila kimoja, nikavitandaza mezani. Wenye choroko nyingi pamoja, karibu. Wasio na choroko, mbali. Mabingwa hawafanyi hivyo moja kwa moja. Wao wanalinganisha safu nzima ya mtu na safu ya mwenzake, yaani hawaulizi tu kama nyinyi wawili mnatajwa pamoja, wanauliza kama mnatajwa pamoja na watu walewale. Kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa uwiano wa Pearson, na 2003 wakaanza kugombana kama kipimo hicho kinafaa au hakifai. Ugomvi huo nawaachia wao. Kwa visoda kumi na vitano jicho linatosha.

Siku ya tatu mezani paliota visiwa vinne.

Kisiwa cha kwanza ni cha mbung'o. Wengi wetu tunapita Old Shinyanga bila kujua kwamba pale palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o uliojulikana dunia nzima. C. F. M. Swynnerton alikuwa mkuu wake. Tangu miaka ya 1920 alikuwa akifanya majaribio Shinyanga ya kufyeka mapori ili mbung'o wakose kivuli. Mwaka 1938 alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt. Karibu na kisoda chake kikakaa cha C. H. N. Jackson, na kando yao John Ford, aliyeandika kitabu kikubwa cha 1971 juu ya malale, nagana na mazingira ya Afrika.

Kuhusu Jackson niruhusu nichepuke kidogo. Alitaka kujua mbung'o ni wangapi porini. Utawahesabuje wadudu wanaoruka? Akawa anawakamata, anawatia nukta za rangi mgongoni, anawaachia, kisha anakamata tena na kuangalia wangapi kati ya waliokamatwa wana nukta. Kwa uwiano huo unaweza kukadiria jumla yao, wanaokufa na wanaozaliwa. Makala yake ya 1939 inatajwa mpaka leo na wataalamu wa takwimu ambao hawajui Shinyanga iko wapi; wanahesabu ndege, samaki, popo. Kwenye ramani ya fani ya takwimu za wanyama, mji wetu upo, umejificha ndani ya jina la Jackson.

Nilipomsimulia bibi habari hii alicheka mpaka akashika ubavu. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana wa kukamata mbung'o pale Old. "Alikuwa akiwapaka rangi na kuwaachia," alisema. "Watu walidhani wazungu wamerukwa na akili. Unamshika adui, unampamba, unamwambia nenda?" Kwa hiyo babu yake baba alikuwa ndani ya hesabu zile, mikono yake na macho yake, lakini jina lake halimo kwenye makala wala kwenye marejeo ya mtu yeyote. Njia hii ya kuchora ramani inaanza pale jina linapochapishwa. Kabla ya hapo ni giza.

Na hata lililochapishwa, si lote. Katika faharasa ya zamani ya Garfield, andiko lililotajwa liliwekwa chini ya mwandishi wa kwanza peke yake. Mkiandika watatu, wawili mnageuka hewa. Halafu kuna mambo ya majina yetu. Jina lenye "ng'w" ndani yake mashine hulikata kwenye ile alama ya juu, mtu mmoja anakuwa wawili, na wote wawili wanaonekana hawana maana. Na ripoti ya wizara, tasnifu iliyopigwa chapa nakala nne, kijitabu cha Kiswahili, vyote hivi hifadhi kubwa za ng'ambo havikuingia au vimeingia kwa bahati. Ndiyo maana sikuzitegemea.

Kisiwa cha pili ni cha mila na uchawi. Hapa wamekaa Hans Cory, mtu wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, na kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma cha 1953, na D. W. Malcolm, ofisa wa utawala, ambaye kitabu chake juu ya Usukuma kilitoka mwaka huohuo. Ray Abrahams, aliyeandika habari za sungusungu mwaka 1987. Simeon Mesaki, ambaye tasnifu yake ya 1993 ni juu ya uchawi na mauaji yake hapa nchini, na sura yake ya 1994 juu ya Usukuma imo katika kitabu alichokihariri Abrahams. Choroko za Mesaki na Abrahams zilijaa kikombe. Na mchumi Edward Miguel, aliyetumia takwimu za Meatu, wakati huo ikiwa bado mkoani Shinyanga, akaonyesha mwaka 2005 kwamba katika miaka ya mvua za kupindukia au ukame mkali, wanaouawa kwa kuitwa wachawi ni mara mbili ya miaka mingine, na karibu wote ni wanawake wazee. Njaa ikiingia nyumbani, mdomo usiozalisha ndio wa kwanza kusingiziwa. Hilo lilinikaa kooni siku kadhaa. Nilikuwa nikiangalia mawingu kwa jicho jingine.

Kisiwa cha tatu, ngitili. Msukuma haelezwi ngitili ni nini, lakini kwa wengine: ni eneo la malisho na miti linalofungwa wakati wa masika ili liwe akiba ya kiangazi. Desturi ya zamani, ikafifia. Miti ilikuwa imekwisha, kwa kufyekwa dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba, kwa ng'ombe. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake ukawarudisha watu kwenye ngitili yao. Maandishi yanasema mwaka ule zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita 300,000. Hapa wamekaa Wendelin Mlenge, Edmund Barrow, na Monela na wenzake, ambao mwaka 2005 walikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja kwa mwezi ni dola 14, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Wameandika pia juu ya saa walizookoa akina mama katika kutafuta kuni. Tafadhali lishike hilo neno, kuni.

Kisiwa cha nne kiko Geita, cha zebaki. J. R. Ikingura, mwanajiolojia, aliandika pamoja na Mjapani Hirokatsu Akagi tangu 1996. Peter van Straaten wa Kanada aliandika mwaka 2000. Kule wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanachoma lile donge kwenye moto wa mkaa, mara nyingine jikoni kabisa, na mvuke unaingia mapafuni. Rwamagasa imetajwa katika tafiti hizo mpaka nadhani baadhi ya wataalamu wa sumu wanaijua kuliko wanavyoijua Dar es Salaam.

Sasa ukivihesabu vizuri utaona bado viwili, na hivyo ndivyo vilivyonifurahisha zaidi, kwa sababu havikukubali kukaa kisiwani. Kisoda cha Helge Kjekshus, na kitabu chake cha 1977 juu ya mazingira na uchumi katika historia ya Afrika Mashariki, kilisimama majini kati ya mbung'o na ngitili: watu wa historia wanamwita, watu wa ikolojia wanamwita. Na Deborah Bryceson, aliyeandika na wenzake wawili mwaka 2010 juu ya hirizi za wachimbaji na mauaji ya watu wenye ualbino, akawa daraja kati ya kisiwa cha uchawi na machimbo ya Geita. Kwa hiyo yako madaraja mawili.

Lakini angalia meza. Kati ya kisiwa cha uchawi na kisiwa cha ngitili hapakuwa na kisoda. Vikombe vya jozi zile katika rundo langu vilikuwa vitupu, au vina punje moja ya heshima, Malcolm akitajwa kwa ajili ya historia.

White, safari hii pamoja na Katherine McCain, alirudia ramani ya fani yake mwaka 1998, waandishi 120 wa miaka 1972 hadi 1995, wakakuta kambi mbili kubwa na watu wachache sana katikati. Wakaifananisha na Australia: miji yote iko pwani, ndani ni jangwa. Nilipokuwa chuoni niliona ni mzaha mzuri. Mezani pangu haukuwa mzaha, maana pale kwenye jangwa ndipo nyumba ya bibi ilipo.

Nieleze. Watu wa kisiwa cha uchawi wanarudia jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua: macho ya vikongwe yanakuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, hasa wa mavi ya ng'ombe makavu yanayochomwa mahali pasipo na kuni. Wanalitaja kwa sentensi moja, wanapita, wanaenda kwenye mambo ya ardhi, urithi, waganga, sungusungu. Watu wa kisiwa cha ngitili wanaandika kurasa na kurasa juu ya kuni: zilikwenda wapi, zimerudi vipi, mwanamke anatembea saa ngapi. Hawaandiki habari za macho. Moto ni uleule, jiko ni lilelile, mwanamke ni yuleyule, lakini huyu anamwona kuanzia shingoni kwenda juu na yule anamwona kuanzia mzigo alioubeba kichwani. Hawatajani. Mfadhili atakayepewa ramani hii ataona mada mbili na bajeti mbili.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kuni ndizo zinazoua. Mesaki na wenzake wanaeleza mambo mazito kuliko moshi, na Miguel anaeleza njaa. Mtu anayetaka shamba la mjane hashindwi kupata alama nyingine, akikosa macho atasema paka. Lakini alama ya macho ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa usoni kwa bibi.

Nilibeba visoda vyangu kwenye mfuko wa rambo nikaenda kijijini. Nikavipanga juu ya mkeka, nikamweleza bibi kila kisiwa. Alisikiliza kama anavyosikiliza padri, kwa adabu na kwa mashaka. Akauliza kila jina, "Huyu ni wa kwa nani?" Nikamjibu nilivyoweza: huyu Mzungu, huyu Mtanzania mwenzetu, huyu mchumi. Kisha nikamwonyesha pale patupu na kumwambia maana yake.

"Hapo si patupu," alisema. "Hapo kuna moshi."

Akanisimulia alivyokuwa msichana, kuni za migunga zikipatikana hatua chache nyuma ya boma. Halafu mwaka baada ya mwaka zikawa mbali, kisha zikawa za kununua, kisha ikawa ni mavi ya ng'ombe, na kiangazi ikawa mabua ya mtama. Aliyajua yote, kwa mfuatano, pamoja na mwaka alioanza kufikicha macho. Miaka yote watafiti wamepita kijijini, wa miti na wa mauaji, na amewahi kuhojiwa mara mbili. Wa kwanza alimwuliza anatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki. Wa pili alimwuliza kama anaogopa. Akawajibu wote wawili kwa ukweli, kila mmoja swali lake.

Baba mdogo, ambaye alikuwa mlangoni akijifanya hasikilizi, ndiye aliyesema tujenge jiko. Tukajenga, la tofali na udongo, lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na baba akapeleka mzigo wa kuni kutoka kwenye ngitili ya ukoo wa mama. Ilichukua siku nne. Macho ya bibi hayajawa meupe. Wekundu wa miaka sitini hauondoki kwa bomba. Ila yameacha kutoa machozi, na wanawake wa jirani walikuja kuliangalia jiko, wakainama, wakachungulia ndani ya bomba, wakauliza bei ya tofali. Wawili wamejenga la kwao. Mmoja wao ni mama wa wale watoto wa kisimani, nao sasa wanaamkia tena, ingawa mdogo bado anaamkia akiwa amesimama mbali. Nyumba ya tatu haijaja. Sungura wa bibi walikufa wawili mwezi uliopita na tunajua hawakufa kwa ugonjwa. Baba analala kule kila mwisho wa wiki.

Mimi nimerudi kwenye choroko. Nimeongeza waandishi wawili, mmoja wa mambo ya moshi na afya, mmoja wa haki za wazee, kwa hiyo sasa ni visoda kumi na saba na jozi 136, na panya wa Ngokolo wamekula vikombe viwili ikabidi nihesabu upya. Natafuta andiko moja tu ambalo katika orodha yake ya nyuma Mlenge na Mesaki wamekaa pamoja si kwa bahati, bali kwa sababu mwandishi aliwahitaji wote wawili kueleza jiko moja. Iwe tasnifu, ripoti, hata insha ya darasani. Kiswahili kinaruhusiwa, na nakala iliyopigwa chapa kwa mashine inaruhusiwa. Msomaji aliye nayo aniandikie kupitia kwa mhariri; gharama ya kunakili nitalipa, na kuirudisha nitairudisha kwa basi la kwanza.